Wanaopima Dawa Bila Kuua Wanyama Wanastahili Tuzo



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya vyoo, maji ya kuchemsha, vyandarua na chanjo za watoto. Leo nataka tuzungumze juu ya panya. Sisemi panya anayekula mahindi yako ghalani. Huyo mtege, muue. Nasema panya mweupe anayefugwa katika maabara, yaani nyumba za uchunguzi, ili dawa ipimwe juu yake kabla haijafika kwako.

Iko habari ambayo wengi wakiisikia hucheka. Huko Ulaya na Marekani zimewekwa tuzo kwa wataalamu wanaobuni njia za kupima dawa bila wanyama, au kwa wanyama wachache, au bila kuwatesa wanyama hao. Tuzo ni zawadi ya heshima. Mtu hupewa fedha na kazi yake hutangazwa. Niliwasomea habari hii wanakisomo wa kijiji chetu. Mzee mmoja akasema, "Mganga, hao wamekosa kazi. Sisi watoto wetu wanakufa kwa malaria, wao wanamhurumia panya!" Darasa zima likacheka.

Hoja ya mzee ni nzito, haifai kujibiwa kwa kicheko. Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati, siyo mtaalamu wa maabara. Lakini dawa zinazotoka katika maabara hizo ndizo ninazozigawa kila siku kwa mkono wangu. Nimesoma juu ya jambo hili, na maoni yangu ni kwamba tuzo hizo ni za haki. Faida yake inamfikia mkulima kuliko anavyodhani. Ila ninalo neno kwa wale wanaozitoa. Nitalisema mbele.

Kwanza tuulize, kwa nini wanyama walianza kutumiwa?

Mwaka 1937 huko Marekani iliuzwa dawa ya maji ya aina ya sulfa. Sulfa yenyewe ilikuwa dawa nzuri. Kosa lilikuwa katika kile kimiminika kitamu walichoiyeyushia. Kilikuwa sumu inayoua figo. Watengenezaji hawakuijaribu kwanza. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikatunga sheria kwamba dawa mpya isiuzwe mpaka mwenye kiwanda aonyeshe kuwa ni salama. Nchi nyingine nazo zikaweka sheria zao. Njia iliyojulikana wakati huo ya kuonyesha usalama ilikuwa kumpa mnyama dawa na kumtazama. Basi panya, sungura, mbwa na tumbili wakawa walinzi wetu bila kuulizwa.

Sisemi kazi ile ilikuwa bure. Chanjo nyingi ambazo mtoto wako amechomwa zilipita kwanza kwa wanyama. Mama atakayesoma makala hii asije akasema, "Kumbe chanjo ni mambo ya panya, sitampeleka mwanangu." Mpeleke. Chanjo hizo zimekwisha kupimwa, na sasa zimewakinga watoto wengi mno.

Lakini njia ya kwanza haiwi lazima ndiyo njia bora siku zote. Babu zetu walianza na jembe la mkono. Hatukuwakosea adabu tulipofunga ng'ombe plau.

Chukua jambo la mimba. Leo mama akija zahanati na kusema hajaona siku zake, tunampa kikopo alete mkojo. Tunachovya kikaratasi chembamba. Baada ya dakika chache tunasoma mistari. Mmoja, hana mimba. Miwili, anayo. Kazi imekwisha, na mama anarudi nyumbani kabla jua halijawa kali.

Unajua zamani walipimaje? Mnamo mwaka 1927 na 1928, madaktari wawili wa Berlin, Ujerumani, waitwao Aschheim na Zondek, waligundua kwamba mkojo wa mama mjamzito una kitu kinachoamsha mayai ya uzazi ya panya. Basi wakawa wanachukua panya wadogo wa kike, wanawachoma sindano ya mkojo wa mama, wanangoja siku kadhaa, kisha wanawapasua ili waone ndani. Panya kadhaa kwa mama mmoja! Mwaka 1931 ikaja njia ya sungura huko Marekani. Sungura naye alipasuliwa. Watu wa mjini huko wakawa wanasema eti sungura akifa, mama ana mimba. Maneno hayo si kweli. Sungura alikufa kwa vyovyote, mimba iwepo isiwepo, kwa sababu bila kumpasua wasingeona kitu.

Kisha ikaja zamu ya bara letu. Mwingereza aitwaye Lancelot Hogben alikwenda kufundisha Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1927. Huko alikuta chura mmoja wa majini mwenye makucha miguuni. Ikaja kuonekana kwamba chura jike wa aina hiyo akichomwa mkojo wa mama mjamzito hutaga mayai yake kabla ya siku moja kwisha. Huna haja ya kumpasua. Ukiona mayai ndani ya maji, umepata jibu. Ukimpumzisha unaweza kumtumia tena. Chura hao walisafirishwa kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, na walitumiwa mpaka miaka ya 1960.

Ona basi jinsi hatua zilivyokwenda. Panya kadhaa wanakufa. Halafu sungura mmoja anakufa. Halafu chura hafi. Halafu kikaratasi. Kila mnyama alipopunguzwa, kipimo kiliongeza wepesi na bei yake ilishuka. Kwa njia ya panya, mama wa kijijini asingepimwa kamwe. Nani angefuga panya weupe zahanati na kungoja siku tano? Ni kikaratasi kilichofika kwetu. Na niseme ukweli wote. Hata kikaratasi hicho kina mkono wa panya ndani yake. Kinga inayokamata ile dalili ya mimba ilianza kutengenezwa kwa chembe hai za panya, kwa njia iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1975. Lakini chembe hizo huzaana zenyewe ndani ya chupa. Hakuna panya anayepasuliwa kila mama anapopimwa.

Mfano mwingine ni maji ya dripu. Umepata kutundikiwa dripu, au umemwona ndugu yako akitundikiwa. Maji yale yamechemshwa na vijidudu vyake vimekufa. Lakini vijidudu vikifa vinaacha mabaki, na mabaki hayo yakiingia katika damu huleta homa kali na kutetemeka. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba maji hayana vijidudu vilivyo hai. Lazima kujua kama yana mabaki.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya sungura. Tangu mwaka 1942 kitabu cha kanuni za dawa cha Marekani kiliagiza hivyo. Sungura watatu hufungwa wasiweze kutoka, huchomwa dawa katika mshipa wa sikio, kisha hupimwa joto la mwili kwa saa tatu. Joto likipanda, dawa hiyo haifai. Mwaka 1956 daktari aitwaye Frederik Bang alieleza jambo la ajabu juu ya mnyama mmoja wa pwani za Marekani. Mnyama huyo ana gamba kama ukwato wa farasi, ni jamaa ya buibui na nge, na damu yake ni ya buluu. Katika bahari yetu hayupo. Damu yake ikiguswa na mabaki ya vijidudu huganda papo hapo. Basi badala ya sungura watatu na saa tatu, ikatosha tone la dawa na chembe za damu hiyo katika kichupa.

Hapo sungura wakapumzika, lakini yule mnyama wa bahari akaanza kukamuliwa damu. Ndiyo maana wataalamu hawakuishia hapo. Singapore, mama mmoja mtaalamu aitwaye Jeak Ling Ding na mumewe Bow Ho walipata njia ya kutengeneza kile kitu kinachogandisha bila kumkamua mnyama. Ujerumani, Thomas Hartung na mwenzake Albrecht Wendel walionyesha mwaka 1995 kwamba damu ya mtu kidogo tu, iliyotolewa kwa hiari, inaweza kutoa jibu ndani ya kichupa. Jibu hili ni bora zaidi kwa sababu homa tunayoiogopa ni ya mtu, siyo ya sungura. Mwaka 2024 wakuu wa kanuni za dawa za Ulaya waliamua kukifuta kipimo cha sungura katika kanuni zao.

Sasa turudi kwenye tuzo.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichoweka mambo matatu. Mwache mnyama kama ipo njia nyingine. Kama huwezi kumwacha, tumia wachache. Na hao wachache usiwape maumivu yasiyo ya lazima. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa karibu tuzo zote ninazozisema. Uingereza ina kituo cha taifa cha kazi hiyo kilichoanzishwa mwaka 2004, nacho hutoa tuzo. Iko pia tuzo iliyoanza mwaka 2012 ikaitwa Lush Prize, kwa jina la kampuni ya sabuni na vipodozi. Fungu lake lilikuwa paundi 250,000. Ni fedha nyingi. Ukizigeuza shilingi utajenga zahanati, tena zaidi ya moja. Naelewa kwa nini mzee wetu alikasirika.

Lakini tazama tuzo hizo zilikwenda kwa kazi gani. Mwaka 2005 kituo hicho cha Uingereza kilitoa tuzo yake ya kwanza kwa mama mmoja aitwaye Siouxsie Wiles. Yeye alitumia vijidudu vya ugonjwa vilivyofanywa ving'ae kama kimulimuli. Zamani, mtu akitaka kujua ugonjwa umefika wapi ndani ya panya, aliua wachache leo, wengine kesho, wengine keshokutwa. Kwa vijidudu vinavyong'aa, unamtazama panya yule yule kila siku katika chombo cha kupokea mwanga. Ukiona mwanga tumboni, ugonjwa uko tumboni. Ukimpa dawa na mwanga ukafifia, dawa inafanya kazi. Panya wanapungua, na jibu ni safi zaidi kwa sababu unamlinganisha mnyama na yeye mwenyewe.

Kazi nyingine iliyopata tuzo ya kituo hicho ilitoka Marekani. Wataalamu walitengeneza kitu cha plastiki laini, kidogo kiasi cha kukaa katika vidole viwili. Ndani yake kuna vijia vyembamba. Upande mmoja zimepandwa chembe hai za pafu la mtu, hewa inapita. Upande wa pili chembe za mishipa ya damu. Kisha kinavutwa na kuachwa, kinavutwa na kuachwa, mfano wa pafu linalovuta pumzi. Walitangaza kazi hiyo mwaka 2010. Unaweza kuweka dawa au vijidudu humo ukaona chembe za mtu zinafanya nini. Si pafu kamili, na lisikudanganye jina. Lakini ni chembe za mtu.

Juu ya kutotesa, nitasema kidogo tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia hujaa hofu, na anayeinuliwa kwa viganja au ndani ya bomba hutulia. Utasema hilo ni jambo la watoto. Mimi nikikupima shinikizo la damu wakati umetoka kukimbizwa na nyuki, nitaandika namba ya uongo. Panya mwenye hofu naye hutoa namba ya uongo, na namba hiyo ndiyo itakayosema dawa yako ni salama au si salama.

Hapa ndipo lilipo shauri kubwa. Mnyama si mtu. Mwaka 2006 huko London wanaume sita waliojitolea walichomwa dawa mpya iliyokuwa imepimwa kwa tumbili. Tumbili walikuwa wamepewa kiasi kikubwa mara 500 kuliko kile walichopewa watu, na hawakudhurika. Wale wanaume sita waliugua vibaya sana siku hiyo hiyo, wakawekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Tumbili hawakusema uongo. Wao ni tumbili tu.

Na ipo sumu ambayo haina haja ya panya hata mmoja. Kumbuka dawa ya mwaka 1937. Mwaka 2022 nchini Gambia sumu ya jamii ile ile ilikutwa katika dawa za kikohozi za maji, na watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo. Sumu hiyo inajulikana na kipimo chake cha kemikali kipo. Kilichohitajika ni mtu wa kupima kabla dawa haijauzwa. Kwa hiyo mtu akisema ulinzi wa dawa ni wingi wa wanyama waliouawa, mwulize juu ya Gambia.

Wapo wanaoniuliza swali jingine kwa sauti ya chini. "Wakiacha panya, si watatujaribu sisi?" Hofu hii siidharau. Katika vijiji vyetu neno "kufanywa panya wa majaribio" lina uchungu wake. Jibu langu ni hili. Njia hizi mpya hazichukui mtu mzima zikamweka mahali pa panya. Zinatumia chembe, kwa mfano vipande vidogo vya ngozi vinavyobaki baada ya upasuaji, ambavyo mwenyewe amekubali vitumike. Dawa ikishapita hapo bado itajaribiwa kwa watu wachache waliojitolea, kama ilivyokuwa siku zote. Na wewe, ukiletewa karatasi ya majaribio ya dawa, una haki ya kusomewa, kuuliza, kukataa, na kuondoka hata kama ulikwisha kukubali. Umejifunza kusoma. Isome kabla ya kutia sahihi.

Sasa neno langu kwa watoa tuzo.

Sehemu kubwa ya kelele juu ya wanyama wa maabara imehusu vipodozi. Sungura walitiwa rangi na sabuni machoni kuona kama jicho litaumia. Ulaya walikataza biashara ya vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama, na katazo hilo lilikamilika mwaka 2013. Walifanya vema. Wanja haustahili jicho la sungura. Lakini mimi nikiulizwa tuzo ijayo iende wapi, nitasema iende kwenye dawa ya sumu ya nyoka.

Msomaji, wewe na mimi tunaishi na nyoka. Kifutu analala katika majani ya mihogo, swila anaingia banda la kuku. Shirika la Afya Duniani linasema watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka jambo hili katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto wasio na viatu. Ndiyo sisi.

Dawa ya sumu ya nyoka inatengenezwa kwa namna ile ile iliyoanza miaka ya 1890. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kinga. Kisha hutolewa damu, na ile kinga husafishwa na kutiwa katika vichupa. Na ili kujua kama kichupa kina nguvu, makundi ya panya huchomwa sumu iliyochanganywa na dawa. Wanahesabiwa waliokufa na waliopona. Kifo cha sumu ya nyoka kina maumivu. Aliyemwona mtu aliyeumwa na kifutu hahitaji kuelezwa.

Mtu atasema, "Wafe panya, apone mtoto wangu." Nami nakubali, kama hakuna njia nyingine. Lakini angalia njia hii inavyotubana sisi wenyewe. Kipimo hiki kinataka nyumba maalumu ya panya, panya wa uzito mmoja, watu waliofunzwa na fedha nyingi. Nchi isiyo na vitu hivyo hupokea vichupa na kuamini maandishi yaliyobandikwa. Ghana walipatwa na jambo hilo mwaka 2004. Katika wilaya moja walibadilishiwa dawa ya nyoka, wakaletewa nyingine iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India. Nyoka wa huko ni ndugu wa nyoka wa Ghana, lakini si yeye. Kwa dawa ya kwanza walikuwa wanakufa chini ya watu 2 katika kila 100 walioumwa. Kwa ile mpya walikufa karibu 12 katika kila 100. Chupa ilikuwa chupa, na maandishi yalikuwapo. Kipimo cha kuigundua kabla haijaingia mwilini mwa mkulima hakikuwapo karibu.

Ndiyo maana nasema kumwacha panya ni jambo letu pia. Kinachotakiwa ni kipimo cha sahani na kichupa. Weka sumu ya nyoka wetu, weka dawa, tazama kama dawa imeishika sumu. Tazama kama damu imeganda ilivyopasa. Kipimo hicho kikifanyika katika maabara ya Dodoma, Lilongwe au Accra asubuhi, jibu lije jioni, dawa mbovu itarudishwa bandarini. Kazi ya namna hii imeanza. Taasisi ya Clodomiro Picado ya Costa Rica, ambayo pia hutengeneza dawa ya nyoka kwa ajili ya Afrika, imeshughulika na vipimo vya namna hiyo kwa miaka mingi. Wapo pia wanaotafuta kinga ya kutengenezwa maabara bila farasi. Mpaka sasa panya bado wanahitajika kwa neno la mwisho, na sitakuficha hilo. Wakati huo wote wanaweza kupewa dawa ya kutuliza maumivu, na makundi yao yanaweza kupunguzwa.

Basi watoa tuzo, wekeni tuzo kubwa kwa atakayekamilisha kipimo hicho. Na masharti yawe mawili. Kipimo kifanye kazi kwa nyoka wa Afrika. Na mshindi awafundishe wataalamu wa Afrika mpaka waweze kukifanya wenyewe, bila kungoja vifaa kutoka ng'ambo kila mwezi. Paundi 250,000 zikienda huko, nitasimama tena mbele ya darasa la kisomo nikiwa na jibu.

Kipimo hicho bado hakijakamilika, na msimu wa kulima umekaribia. Kwa hiyo nakuomba ukate sehemu hii ya gazeti uibandike mlangoni.

Mtu akiumwa na nyoka, mtulize. Mwondolee pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Mguu au mkono ulioumwa usichezechezwe. Ufunge kwenye kijiti kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Usikaze kamba. Kamba huua mguu. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa wala kuweka jiwe jeusi. Usimpe pombe. Mpeleke kituo cha afya mara moja, kwa baiskeli, pikipiki au machela, asitembee kama inawezekana. Andika saa aliyoumwa. Nyoka mwenyewe usimfukuze ili umlete zahanati. Wengi huumwa mara ya pili hapo. Tueleze tu alivyokuwa.